Mchoraji Sharti Aijue Rangi Yake

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii haihitaji mfasiri kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kila mtu wa Kibirizi, wa Katonga na wa Ujiji anafahamu kwamba mtumbwi unaoingia ziwani magharibi na kurudi alfajiri ukiwa umesheheni dagaa haukuelea kwa bahati. Umeelea kwa sababu yuko fundi aliyeujua ubao, akaujua msumari, akaijua na kalafati ya kuziba nyufa. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayekubali kumpandisha mwanawe katika chombo cha fundi aliyejifunza kazi nusu nusu.

Leo tunapenda kuizungumzia kazi nyingine ya mikono ambayo vijana wa mji wetu wanaiingia kwa wingi, nayo ni kazi ya kuchora picha kwa rangi, hasa rangi hizi zinazoitwa akriliki. Tumeuona moyo wa vijana hao na tunaupongeza. Wako wanaochora ziwa na milima ya Kongo jua linapozama nyuma yake. Wako wanaochora sokwe wa Gombe na wa Mahale. Wako wanaochora miembe ya Ujiji, gari moshi, soko na akina mama waanikao dagaa. Mkono wanao na jicho wanalo. Upungufu wao ni mmoja, na hatuna budi kuutaja waziwazi: wengi wao hawajafundishwa tabia ya rangi wanayoitumia.

Upungufu huo si mdogo. Picha inayobanduka kama ganda la muhogo baada ya masika mawili imemdhulumu aliyeinunua. Mnunuzi huyo hatarudi, naye atawasimulia wenzake. Hivyo kosa la kijana mmoja litafunga mlango mbele ya vijana kumi wanaomfuata. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na picha mbovu hujitembeza mbali sana, hasa inapochukuliwa na mgeni aliyekuja kuwatazama sokwe au kulitembelea jumba la kumbukumbu la Dkt. Livingstone pale Ujiji. Mgeni huyo huondoka na jina la Kigoma nyuma ya picha. Je, tunataka jina hilo libanduke ukutani mwake?

Akriliki ni nini hasa? Ni rangi ambayo chembe zake zimeshikwa na plastiki laini iliyo katika vipande vidogo vinavyoelea ndani ya maji. Rangi ikiwa mbichi huyeyuka kwa maji ya kawaida, na brashi huoshwa kwa maji na sabuni. Maji yakishakauka, vipande vile vidogo vya plastiki hushikana, vikawa utando mmoja ambao maji hayauwezi tena. Faida zake zote na hasara zake zote zinatokana na jambo hilo moja. Anayelifahamu amekwisha kulipata nusu ya somo.

Wazee wetu waliopita chuoni kusoma Kurani wanaikumbuka mbao waliyoandikia kwa wino wa masizi na kalamu ya tete. Mwanafunzi akishaihifadhi aya, aliiosha mbao, akaandika nyingine. Wino ule ulikuwa na huruma kwa mwenye kukosea. Akriliki haina huruma hiyo. Likishakauka tone lililoangukia shati, limekaa. Ikishakauka rangi katika brashi, brashi imekufa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka katika penseli na kuingia katika akriliki lazima afundishwe tangu siku ya kwanza kwamba amekutana na bwana mkali.

Rangi hii si ya kale. Elimu yake ilianzia maabara, pale mkemia Mjerumani Otto Röhm alipoandika tasnifu yake juu ya kemia ya akriliki mwaka 1901. Wachoraji waliifikia baadaye sana. Mwaka 1936, mchoraji wa Meksiko David Alfaro Siqueiros, mtu aliyeamini kwamba picha ziwe katika kuta za umma na si katika sebule za matajiri peke yake, alifungua karakana mjini New York akifanya majaribio ya rangi za viwandani, zikiwemo zile zinazopakwa magari. Alikuwa akitafuta rangi itakayokauka upesi na kuwafaa wafanyakazi na kuta zao. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Wamarekani Leonard Bocour na Sam Golden waliuza akriliki ya kwanza ya wachoraji, ambayo bado iliyeyushwa kwa tapentaini. Akriliki ya maji ilifika madukani katikati ya miaka ya 1950. Hivyo umri wake haujatimia hata miaka mia moja, na si ajabu kwamba baba zetu hawakuturithisha maarifa yake. Itabidi tuyatafute.

Lakini kutafuta maarifa si sawa na kungojea shehena. Wako vijana wanaosema kwamba hawawezi kuanza mpaka wapate vichupa vya rangi kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, na kanvasi iliyokwisha kukazwa, na kiegemezo cha miguu mitatu. Tunawaambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Anayetaka kila tone la rangi lisafiri umbali huo kabla hajajifunza kuchanganya bluu na njano atazeeka hajachora.

Tuwatazame waliotutangulia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya mbao za dari, kwa rangi za mafuta za kung'aa zilizouzwa kwa ajili ya baiskeli na matengenezo ya nyumba. Hakungojea duka la wasanii. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mtindo wake ukabeba jina la Tanzania duniani kote. Ng'ambo ya pili ya ziwa letu, mjini Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja mnamo miaka ya 1973 na 1974, akitumia vitambaa vya magunia ya unga. Mwanazuoni Johannes Fabian alipozungumza naye juu ya picha hizo, walizungumza kwa Kiswahili, na mazungumzo hayo yakatolewa kitabu mwaka 1996. Hawa wawili hawakuwa matajiri wa vifaa. Walikuwa matajiri wa kuvijua vifaa vichache walivyokuwa navyo.

Hapa tungependa kutahadharisha. Kufuata mfano wa Tingatinga hakuna maana ya kunakili tembo wake na ndege wake, bali ni kufuata akili yake: kuingia katika duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu na kujiuliza kila kopo linaweza kufanya nini. Tunavyoona, somo la akriliki kwa mwanafunzi wa Kigoma lianze hapo, na liende kwa hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni mahali pa kuchorea. Kitambaa cha amerikani kinafahamika mwambao huu tangu zama za misafara ya karne ya 19, kilipofika Ujiji vichwani mwa wapagazi na kutumika kama fedha. Kitambaa hicho hicho cha pamba ndicho kanvasi ya mchoraji asiye na uwezo mkubwa. Kwanza kifuliwe ili kutoa uwanga wa kiwandani. Kisha kikazwe juu ya fremu ya mbao kavu, msumari wa kwanza ukipigwa katikati ya kila upande, halafu kwenda kwenye pembe kidogo kidogo, upande huu na ule, ili kisipinde. Anayetumia plaiwudi au hadibodi aipige msasa na aipake pande zote mbili, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu wa masika kwa upande wa pili na kujikunja.

Hatua ya pili ni rangi ya msingi. Kitambaa kitupu hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Yapo matayarisho maalumu ya wachoraji kwa kazi hiyo, na mwenye uwezo ayanunue. Asiye na uwezo atapata msingi wa kujifunzia kwa rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ile iliyo nzuri na isiyoacha vumbi jeupe ukiipangusa kwa kidole. Ipakwe mara mbili au tatu, kila tabaka likiwa jembamba na likisubiri la kabla yake likauke, la kwanza kwa wima na la pili kwa ulalo. Mwenye pupa atapaka tabaka moja nene, nalo litapasuka.

Katika hatua hii liko kosa linalowaangusha wengi. Kijana huokota bango la bati au ubao wa zamani uliopakwa rangi ya mafuta, akachora juu yake kwa rangi ya maji. Siku ile kazi hupendeza. Baada ya miezi michache hubanduka vipande vipande, kwa kuwa rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Kanuni ni fupi na kila mwanafunzi aihifadhi moyoni: mafuta yaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki isipakwe juu ya mafuta. Ubao wa namna hiyo ukwanguliwe mpaka chini, au uachwe.

Hatua ya tatu ni rangi zenyewe. Mwanafunzi hahitaji vichupa ishirini. Anahitaji vitano: nyeupe, bluu iliyokoza, njano, nyekundu na kahawia nzito. Kwa hivyo atapata karibu kila kitu kilicho mbele ya macho yake. Bluu na kahawia nzito zikichanganywa hutoa weusi wenye uhai kuliko weusi wa kopo. Bluu na njano kidogo na nyeupe hutoa maji ya ufukweni pale yanapokuwa kijani kabla hayajaingia kwenye kilindi. Udongo wetu mwekundu, ambao hakuna mgeni aliyefika Kigoma asiondoke nao katika viatu, unapatikana kwa nyekundu, kahawia na njano kidogo. Mwanafunzi akae wiki nzima akichanganya na kuandika pembeni amechanganya nini na nini. Tena akumbuke kwamba akriliki mbichi ina weupe wa maziwa ndani yake, na weupe huo hutoweka inapokauka. Kwa hiyo rangi ikikauka huwa imekoza zaidi kuliko ilivyokuwa katika kibao cha kuchanganyia. Asiyejua hilo atashangaa asubuhi kwa nini anga lake limeingia giza.

Kwa mazoezi, hata kopo la rangi nyeupe ya ukutani na unga wa oksaidi unaotumika kupaka sakafu za saruji vinatosha kuanza. Unga huo ulowekwe kwanza katika maji machache, usagwe juu ya kioo kwa kitako cha chupa mpaka ukwaruzi uishe, ndipo uchanganywe na rangi nyeupe. Rangi za oksaidi ni za chuma. Hazipauki juani kwa urahisi. Tunasisitiza lakini kwamba hayo ni ya kujifunzia. Rangi ya ukutani ina chokaa na vijazio vingi na chembe chache za rangi, wala haikutengenezwa ili idumu katika picha. Gundi nyeupe ya seremala nayo si akriliki, na haistahimili maji kama akriliki. Kazi ya kuuzwa ifanywe kwa rangi ya kuuziwa. Kumuuzia mtu mazoezi kwa bei ya kazi kamili ni ulaghai, hata kama mkono uliochora ni hodari.

Hatua ya nne ni mwendo wa kazi. Akriliki nyembamba hukauka kwa dakika chache, na katika miezi ya kiangazi, upepo ukivuma kutoka ziwani, hukauka upesi zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi asimwage rangi nyingi kwa pamoja. Achukue sinia au bakuli bapa lenye kifuniko, atandike kitambaa kilicholowa, juu yake aweke karatasi isiyopitisha maji kwa wingi, na rangi azikamulie hapo. Zikifunikwa hukaa mbichi hata kesho, na hela haikupotea. Brashi isisimamishwe kwa nywele zake ndani ya kopo la maji, maana hupinda. Ioshwe kwa sabuni kila inapopumzika, ikaushwe na kulazwa. Brashi za nywele za nailoni zinaifaa rangi hii, na zinazotunzwa hudumu.

Ukaukaji huo wa haraka, ambao wengi huulalamikia, ndio utajiri wa akriliki. Anayechora kwa mafuta hungojea siku au wiki kabla ya kupaka tabaka la juu. Anayechora kwa akriliki hungojea muda wa kunywa kikombe cha chai. Chukueni mfano wa usiku wa uvuvi wa dagaa, wakati taa za wavuvi zinapotapakaa ziwani kama mji mwingine. Mwanafunzi aanze kwa tabaka za bluu nzito, moja juu ya nyingine, nyembamba, kila moja ikauke, mpaka kina cha maji kionekane. Kisha akaze mstari wa milima. Kisha apake mng'ao wa taa kwa rangi iliyolainishwa sana, inayopitisha mwanga wa tabaka la chini. Mwisho kabisa aweke nukta zenyewe za taa, nene na nyeupe yenye njano, bila kuogopa kuchafua kilicho chini yake. Kwa mafuta kazi hiyo ingemchukua mwezi; kwa akriliki ni kazi ya mchana mmoja. Asizidishe maji tu, kwani maji yakizidi mno gundi hudhoofika na rangi hukosa pa kushika.

Hatua ya tano ni kuihifadhi kazi. Picha ya akriliki hukauka juu kabla ya ndani, na tabaka nene huhitaji siku nyingi. Asiipake vanishi siku hiyo hiyo. Tena utando wake hulainika kwenye joto. Picha mbili zikilazwa uso kwa uso katika behewa lenye joto, zitagandana. Anayesafirisha picha aweke karatasi laini isiyonata katikati, na anayeikunja aikunje uso ukiwa nje. Vijana wanaopeleka kazi zao Dar es Salaam na Arusha wayasikie haya.

Liko pia suala la afya, na hapa hatutapunguza ukali wa maneno. Kuna chembe za rangi zenye sumu, zikiwemo za kadimi, na rangi za mafuta za kung'aa zimewahi kukutwa na risasi katika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Mwanafunzi asilainishe ncha ya brashi mdomoni, asile huku akichora, na anaposaga unga wa rangi afunge kitambaa puani. Na maji machafu ya kuoshea brashi yasimwagwe ziwani. Tumesema kwamba rangi hii ni plastiki. Ziwa hili linatulisha sisi na ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Zambia. Maji hayo yaachwe katika ndoo mpaka masimbi yatulie chini, maji ya juu yachujwe kwa kitambaa na kumwagwa nchi kavu, mbali na kisima na bustani, na masimbi yakauke na kutupwa pamoja na takataka. Mchoraji anayelichora ziwa huku akilichafua hana tofauti na mvuvi anayetumia nyavu zilizopigwa marufuku.

Tunajua watakuwapo watakaouliza kama mambo haya si anasa katika mkoa wenye haja ya madawati na dawa. Tunawajibu kwamba ujuzi unaompatia kijana riziki si anasa. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwaandae watoto kwa maisha watakayoyaishi, na kichwa kisitenganishwe na mkono. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imerudisha mkazo katika elimu ya amali. Itakuwa ni kinyume kama amali itahesabiwa kuwa ni useremala na ushonaji, na rangi ikaachwa iwe ni pambo la siku ya mahafali.

Watakuwapo pia wazazi wacha Mungu wanaohofu juu ya kuchora sura za viumbe. Hatukusudii kufungua mjadala wa fikihi katika safu ya gazeti. Wanazuoni wapo na tunawaheshimu. Tunakumbusha tu kwamba khati nzuri, nakshi za milango, maua, majahazi, milima na maji vyote huchorwa kwa rangi hii hii na kwa kanuni hizi hizi. Kijana anayejizuia na sura ya kiumbe amebakiwa na ziwa zima la kuchora.

Na kwa wale wanaodhani kwamba kujua tabia ya vifaa ni jambo dogo, tunawaomba waitazame historia ya bandari yetu wenyewe. Mwaka 1916, Wajerumani walipolazimika kuizamisha meli yao ya Graf von Götzen, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla haijashuka chini. Meli ililala majini karibu miaka minane. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu wale hawakuomba muujiza. Waliijua grisi na kazi yake, wakaipaka ipasavyo, na utando huo mwembamba ukaishinda kutu. Ndivyo pia utando wa rangi unavyoweza kushinda miaka, ukiwekwa na anayeujua.

Basi nini kifanyike? Tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, walimu wa sanaa katika shule za Manispaa ya Kigoma Ujiji waunganishe nguvu. Si kila shule itampata mwalimu aliyesomea uchoraji Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mwalimu mmoja mwenye ujuzi anaweza kuwafundisha wenzake siku za Jumamosi, na hao wakarudi shuleni mwao na hatua tano tulizozitaja.

Pili, mafundi wetu wa mabango na wale wanaoandika majina ya mitumbwi waalikwe shuleni. Hawana vyeti vya sanaa, lakini wanajua ni rangi gani inayovumilia jua na maji ya ziwa, na ni ipi inayobanduka kabla ya mwaka. Elimu hiyo waliilipia kwa hasara zao wenyewe. Ni jambo la aibu kuiacha ifie mikononi mwao wakati watoto wanaihitaji.

Tatu, yanapopakwa rangi majengo ya umma, mabaki ya makopo yasiachwe yagande ghalani. Yaandikwe na kugawiwa shule. Kopo lililobaki robo kwa mkandarasi ni taka. Kwa darasa la watoto arobaini ni somo la mwezi mmoja.

Nne, vijana wenyewe wajiunge. Sheria imetenga asilimia kumi ya mapato ya ndani ya kila halmashauri kwa mikopo ya vikundi, na asilimia nne kati yake ni ya vijana. Kikundi cha wachoraji kilichosajiliwa, chenye hesabu safi, kinaweza kununua rangi kwa pamoja kwa bei ya jumla, badala ya kila mmoja kununua kichupa kwa bei ya rejareja. Wanafunzi wa Tingatinga walitambua hilo mapema, wakaunda ushirika wao. Sisi tunangoja nini?

Kwa maafisa utamaduni tunasema: ukaguzi wenu usiishie kwenye ngoma na kwaya. Ingieni darasani muulize brashi ziko wapi na zinaoshwa na nani. Kwa wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi tunasema: mwelezeni kijana ukweli juu ya kopo analolinunua, kama ni rangi ya maji au ya mafuta, kama ni ya ndani au ya nje. Kwa wanunuzi tunasema: igeuzeni picha, mtazame nyuma yake, ulizeni kitambaa kilifuliwa, ulizeni msingi ulipakwa mara ngapi. Mnunuzi anayeuliza humfanya fundi ajifunze.

Na kwenu vijana, msiione elimu hii ya maji, gundi na msasa kuwa ni kikwazo kati yenu na sanaa. Ndiyo sanaa yenyewe inapoanzia. Kipaji ni dhamana uliyopewa bila jasho. Ujuzi wa rangi ni wajibu unaoulipia dhamana hiyo. Fueni amerikani, kazeni fremu, pakeni msingi, ngojeeni ukauke. Na kabla ya kulala, osheni brashi.